Vifaranga wa Bata Ndani ya Birika la Msikiti

Jumatatu, 3 Februari 2025

Mayai yameanguliwa! Kumi na moja kati ya kumi na mbili. Leo siku ya thelathini na tano, na mie nilishaanza kukosa usingizi. Nadhira, mke wangu, alikuwa akihesabu ishirini na moja, kama mtu yeyote aliyemlalisha kuku mayai ya kuku. Zilipopita nikamwambia ni joto. Zilipofika thelathini nikamwambia mtetea wake ana fikra nyingi, tumwache.

Asubuhi akachungulia chini ya mtetea. Midomo bapa. Miguu yenye utando. Akanyanyuka polepole akanitazama.

Ikabidi nieleze. Kwamba siku ile alipokwenda mazikoni Wete niliyatoa mayai yake, nikaweka ya bata niliyopewa na Mmanga, rafiki yangu wa Mgogoni. Kwamba nilitaka kumfurahisha. Akauliza mayai yake yalikwenda wapi. Nikasema niliyakaanga. Yote? Kwa asubuhi tatu, nikasema, na chapati. Hakugomba. Angegomba ningepumua. Akaenda kukunja nguo zake.

Nguo si kwa sababu yangu, alhamdulillahi. Dada yake Asya kajifungua huko Mgogoni, anakwenda kumwangalia wiki mbili. Lakini alivyozikunja, ningeweza kuwa sababu.

Kaniachia amri moja. Maji ya kunywa tu, kwenye kisahani, tena kiwe na vijiwe ndani wasijirovye. Bata aliyelelewa na bata hupakwa mafuta na mama yake, maji hayamwingii. Hawa mama yao kuku, hana mafuta ya kuwapaka. Wakiogelea kabla ya kuota manyoya watalowa, watapigwa na baridi, watakufa. Nikaitikia ndiyo. Moyoni nikasema bata ni bata.

Na lipo jambo kubwa kuliko bata. Mwezi wa Ramadhani umekaribia, na Mzee Yussuf, mwadhini wa msikiti wetu mdogo hapa Tibirinzi, macho yamemwisha. Kamati inasema ufunguo wa msikiti na adhana apewe mtu mwengine. Wanaotajwa ni wawili. Hafidh, fundi cherehani, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta. Na mie, Abdulnasir, mtunza stoo wa skuli, mtu ambaye hakuna anayemheshimu ila chaki. Tangu udogo nautaka ufunguo ule.

Alhamisi, 6 Februari

Nyumba inanuka. Wanakula, wananya, wanakanyaga, wanalala juu yake. Kisha wananitazama mie.

Mtetea anateseka. Anawaparurulia mchanga, anawaita kwa mapenzi, njooni mdudu huyu. Hawaji. Wanakwenda kukaa wote kumi na mmoja kwenye kisahani cha maji, wamebanana, juu ya vijiwe. Jambo lenyewe linaliza.

Hafidh akachungulia juu ya ukuta. Akanipa pole kwa adabu zote, akasema vifaranga wake mwenyewe wana siku tano na wanajua kujitafutia, hawa wangu wanafanana na watu waliozaliwa pwani wakalelewa gerezani. Akacheka na uzi mdomoni. Nikamwambia asubiri.

Nimewaza mchana kutwa. Wanahitaji kuogelea. Nadhira hayupo. Hapa nyumbani kuna ndoo mbili na beseni lililotoboka. Mto uko mbali. Bahari ina chumvi.

Liko birika.

Astaghfirullah. Nimelifuta neno hilo, nimeliandika tena.

Jumamosi, 8 Februari

Mungu anistiri. Sijui nianzie wapi.

Baada ya Adhuhuri mtaa wote ulikuwa umelala kwa joto. Niliwatia vifaranga kwenye pakacha, nikafunika kwa kanga ya Nadhira. Mtetea akanifuata. Nikamfukuza mara nne. Akanifuata.

Mzee Yussuf alikuwa amejilaza barazani kwa msikiti, fimbo kifuani, macho kafumba. Ufunguo ulikuwa mlangoni. Nikapita kwa ncha za vidole. Hakutikisika.

Pampu ya mtaa imeharibika tangu Jumatano, kwa hiyo maji ya birika la kutawadhia yalikuwa machache, kwenye ugoko tu. Nikaona bora, hayana hatari. Nikawashusha mmoja mmoja. Jamani! Walivyoogelea! Kama wamefunguliwa pingu. Nikachuchumaa pale ukingoni nikajiona baba wa watu. Nilitamani Hafidh awepo.

Nilifurahi kwa muda wa kusoma Alhamdu na Kul-huwa. Halafu nikaona wanazama.

Si kwa kishindo. Walishuka kidogo kidogo, mgongo, mabega, mwisho vichwa tu, na walikuwa wanatetemeka. Ukuta wa birika una vigae, hawakuweza kupanda. Mtetea akaona wanawe wanakufa maji. Akapiga kelele ambazo sijapata kuzisikia kwa kuku wala kwa mtu. Akawa anazunguka ukingoni mbio, mbawa wazi, manyoya yanaruka. Mie nikaruka ndani na kanzu yangu ya Ijumaa. Nikateleza. Nikakaa. Nadhani nilipiga ukelele. Nikawaokota nimekaa vile vile, nikihesabu. Kumi. Wa kumi na moja alikuwa ndani ya mfuko wa kanzu.

Na maji yalikuwa yamechafuka. Maana bata haachi kunya kwa sababu yuko msikitini.

Nilipotoka, Mzee Yussuf bado kafumba macho. Nikakimbia nyumbani. Nikawakausha kwa taulo, nikawalaza kwenye beseni karibu na jiko la mkaa, wengine nikawatia kwapani. Wote kumi na mmoja wazima. Nikalia kidogo.

Ndipo nikasikia adhana ya Alasiri.

Nilichofanya ni hiki, nakiandika ili kitoke kifuani. Nilibadilisha nguo. Nikatawadha kwa kopo, nyumbani. Nikaenda msikitini nikasimama nikatazama watu kumi na saba wakichukua udhu kwenye birika lile, wakisukutua, na mie nikanyamaza. Shehe Hamdan, imamu wetu, alisukutua mara tatu. Nikaswali nyuma yake. Uso uliniwaka tangu takbiri mpaka salamu.

Kabla ya Magharibi Hafidh akalitazama birika akaona kinyesi kwenye vigae na unyoya wa kahawia unaelea. Unyoya wa kuku, akasema kwa sauti. Shehe Hamdan akaja akainama akatazama. Akasema maji haya hayafiki kulateni, na maji yakiwa chini ya kipimo hicho najisi kidogo tu inayaharibu yote. Walioyatumia waswali Alasiri yao tena, na kesho birika likaushwe.

Kisha wote wakamgeukia Mzee Yussuf. Wakamuuliza aliacha mlango wazi, kuku akaingia?

Mzee akaipapasa fimbo yake. Akasema, "Mlango ule ni wangu mie."

Na mie, mwanamme mzima mwenye ndevu, nilikuwa nikitazama vidole vyangu vya miguu.

Jumapili, 9 Februari

Nilipata hila alfajiri. Nilimsikia Shehe siku moja akidarsisha kwamba maji machache yaliyonajisika yakiongezwa maji mengine mpaka yafike kulateni, na yasibaki na rangi wala harufu wala ladha ya najisi, yanakuwa safi tena. Basi! Nikiyaongeza, birika halina haja ya kukaushwa. Likiwa halikukaushwa, hakuna kosa. Hakuna kosa, hakuna wa kulaumiwa. Mzee Yussuf kapona na mie nimepona.

Watu walipoondoka baada ya swala nikapima kwa mkono wangu, kiwiko mpaka ncha ya kidole. Yamepungua vidole vinne kufikia kulateni. Labda zaidi, mkono wangu mfupi, hata mama alikuwa akisema. Nikaenda kisimani kwa Bi Shaista, mjane mwenye duka pembeni ya msikiti, nikachota. Ndoo mbili kila safari. Safari saba! Mgongo unalia. Rangi ikawa bora kidogo. Harufu sina hakika, maana siku hizi nanusa bata kila mahali. Ladha sikuonja. Mtu ana mipaka yake.

Safari ya nane Shehe Hamdan akatokea, alikuwa amesahau miwani. Akanikuta nimelowa jasho, ndoo mkononi. Akauliza nafanya nini. Nikasema nauhudumia msikiti.

Akanishika bega. Macho yake yakalowa. Akasema wakati wengine wamelala, Abdulnasir peke yake anachota maji alfajiri. Nikamwambia si kitu. Hilo lilikuwa neno la kweli pekee nililosema wiki nzima.

Halafu akanieleza kwa upole kwamba rangi bado ipo, tuyamwage tu. Yakamwagwa yote, na ndoo zangu kumi na nne ndani yake. Kina mama wa mtaa wakapanga mstari kutoka kisimani wakajaza upya. Bi Shaista, na goti lake bovu, kapita mbele yangu mara sita na ndoo kichwani. Kaniombea dua kwa kunichosha bure. Nilitamani ardhi ifunguke.

Jumanne, 11 Februari

Kamati imekaa. Ufunguo nimepewa mie.

Shehe kasimulia habari ya ndoo. Kila alipoisimulia ndoo ziliongezeka, mwisho zilikuwa thelathini. Hafidh mwenyewe akanipa mkono, akasema nimestahiki. Hakucheka. Ningependa angecheka.

Mzee Yussuf akautoa ufunguo shingoni. Una kamba nyekundu iliyopauka. Mkono wake ukanitafuta hewani, nikauleta wangu. Akaniambia kufuli linataka tone la mafuta ya nazi kila Ijumaa, na mlango uuinue kidogo unapoufunga, mvua ya masika huuvimbisha. Miaka thelathini na moja kakaa nao. Kanieleza kwa dakika mbili.

Nimesikia kwamba binti yake Laila, aliyeolewa kisiwani Fundo, anakuja Jumamosi kumchukua akakae naye. Hana tena kazi hapa, wanasema, na peke yake hawezi. Mzee hataki. Lakini hana hoja.

Ufunguo niliokuwa nikiuota tangu udogo uko hapa juu ya meza. Nimeugeuza chini juu. Nimeufunika kwa kofia.

Alhamisi, 13 Februari

Nimeadhini Alfajiri. Sauti ilikatika kwenye "Hayya" ya kwanza. Watu wakasema ni unyenyekevu.

Nadhira kapiga simu. Habari zimemfika. Mama yake kaitangaza Mgogoni nzima kwamba mkwewe ni mwadhini. Nadhira kasema, taratibu, kwamba labda aliniona vibaya kwa yale mayai. Nikakata simu nikisingizia mtandao.

Sikuweza kukaa. Nikachukua mkungu wa ndizi nikaenda kwa Mzee Yussuf. Nilikuwa na mpango. Nimwambie ampinge binti yake, mie nitakuwa nampelekea chakula kila siku, maisha, na asiniulize kwa nini. Nikamkuta anapapasa vitu vyake anavitia kwenye mfuko. Redio, msahafu, kanzu mbili. Nikaanza hotuba yangu. Akanikata.

"Wamebaki wote kumi na mmoja?"

Nikauliza akina nani.

"Mie sioni, Abdulnasir. Lakini kuku yule alilia kama mwenye msiba. Kisha nikasikia mtu mzima kaanguka majini akamwita mkewe."

Nilimwita Nadhira! Sikumbuki kabisa. Katika birika la msikiti, nimekaa kwenye maji, nilikuwa nikipiga ukelele jina la mke wangu.

Nikakaa juu ya mfuko wake wa nguo. Nikamuuliza kwa nini hakunitaja. Akawa anaendelea kukunja kanzu, kaikunja vibaya, akaikunjua, akaanza tena.

"Mie nilikuwa natoka hata hivyo. Weye bado una miaka mingi ya kukaa na watu hawa. Nikadhani utakuja mwenyewe kabla ya Isha."

Siku tano! Kanisubiri siku tano mlangoni kwake, na mie nilikuwa nakagua sauti yangu kwenye kioo.

Aibu niliyoisikia sina mahali pa kuiweka. Nimerudi nyumbani na ndizi zangu. Nilisahau hata kumwachia.

Ijumaa, 14 Februari

Niliandika maungamo. Nusu ukurasa. Nilipoyasoma niligundua kwamba mtetea ametajwa mara tisa na mie mara moja. Nikayaandika tena. Mtetea mara sita. Nikaona inatosha.

Baada ya swala nikasimama mbele ya watu. Msikiti umejaa, na Nisf Shaabani hii, hata wasiokuja walikuja. Nikaanza kwa kueleza tabia za kuku wanaolea. Watu wakatazamana. Hafidh akauliza kuku huyu ni wa nani. Nikasema ni wa mtaa huu. Akauliza mtaa huu nyumba gani. Nikalitazama karatasi langu, halikuwa na jibu. Basi nikalikunja.

Nikasema yote. Bata, pakacha, kanga, birika. Ndoo kumi na nne, si thelathini, na kwa nini nilizichota. Mzee Yussuf alikuwa pale karibu na nguzo, nikamwonesha kwa mkono, nikasema huyu alijua akanisitiri, na mie nikamwacha avuliwe ufunguo. Sauti ilinikatika, na safari hii haikuwa unyenyekevu.

Nikaona nyuso zinalainika. Shehe Hamdan alikuwa karibu kusema neno la msamaha, naapa, mdomo ulishafunguka. Nikadhani nijisaidie. Nikasema angalau swala yangu mwenyewe ya Alasiri siku ile ilikuwa sahihi, maana nilitawadha nyumbani.

Lahaula!

Bata walinisamehe. Birika walinisamehe. Hili hawakulisamehe. Watu kumi na saba wakanyanyuka kwa pamoja. Kumbe nilijua, nikawatazama wanasukutua, na mie nimekwishatawadha kwangu kwa maji safi! Mtu mmoja akasema yeye alijaza mdomo. Mwengine akasema alimeza kidogo. Shehe Hamdan akafunga mdomo wake. Nadhani alikumbuka mara tatu zake.

Aliyenikomboa ni Mzee Yussuf. Akacheka. Kicheko kikavu, cha peke yake, pale kwenye nguzo, mpaka fimbo ikamwanguka. Hafidh akafuata. Halafu msikiti mzima. Nimechekwa na watu mia moja na kitu, nikiwa nimesimama, nimevaa kanzu yenye doa la kijani mfukoni.

Hukumu ni hii. Ufunguo umerudi shingoni kwa Mzee Yussuf. Adhana ni yake mpaka mwenyewe aseme basi, na Hafidh atamshika mkono wa kumpeleka na kumrudisha. Mie nitajaza birika kila siku kwa ndoo, mpaka siku ya Idi, hata pampu ikitengenezwa. Laila atapigiwa simu asije kumchukua.

Nilimvalisha Mzee ufunguo. Akaniuliza kama nilitia mafuta ya nazi. Nilikuwa sikutia.

Jumapili, 16 Februari

Nadhira karudi asubuhi. Habari zilimfika Mgogoni kabla sijatoka msikitini, na mama yake kaacha kutangaza. Hakunisalimia kwanza. Alikwenda bandani, akawahesabu, kumi na mmoja, akamshika mtetea akamweka mapajani akamsemesha. Kisha akapika chai na mkate wa kumimina akaenda navyo kwa Mzee Yussuf. Mie sikuachiwa hata ncha.

Aliporudi akasema maneno machache. Kwamba kanga ile ya pakacha ilikuwa ya harusi yetu. Na kwamba Mzee Yussuf kamwambia nilimwita jina lake. Akanitazama kidogo wakati wa kulisema hilo. Kisha akanipa ndoo.

Nimechota safari kumi na tisa leo. Nimetubu kweli. Kila ndoo nilikuwa nikisema sitorudia, sitorudia. Birika la msikiti silikaribii na bata tena maisha yangu.

Ila kwenye safari ya kumi na saba nilipita nyuma ya msikiti. Kumbe liko birika la zamani! La mawe, limezungukwa na majani, halijatumika tangu enzi za wazee. Hakuna anayetawadha humo, kwa hiyo najisi haimhusu mtu. Lina ngazi, kwa hiyo watapanda wenyewe. Linataka ndoo kama thelathini tu, na mie sasa ni mtu wa ndoo, hakuna atakayeniuliza nazipeleka wapi.

Nadhira kasisitiza mpaka waote manyoya. Nimewakagua. Mmoja ana unyoya. Mmoja tu, lakini upo.

Na Jumanne Mzee Yussuf anakwenda Fundo kumsalimia Laila, atalala huko siku mbili. Masikio yake anakwenda nayo.